Kinachomvuta Mwananchi Kutumia Huduma za Serikali Mtandaoni: Mtazamo wa Kitui na Makueni

Mnamo Novemba 2013 kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa jijini Nairobi, na mwaka uliofuata jukwaa la eCitizen likaanza kazi. Kufikia katikati ya 2023, serikali ilitangaza kuwa zaidi ya huduma 5,000 zilipatikana humo. Hata hivyo, kuwepo kwa huduma ni jambo moja na kutumiwa kwake ni jambo jingine. Makala haya yanafafanua mambo matatu yanayomvuta mwananchi, kwa kurejelea kaunti za Kitui na Makueni.

Jambo la kwanza ni manufaa. Mwaka 1989, mtaalamu Fred Davis alieleza kwamba mtu hukubali teknolojia mpya akiiona inamfaa na kwamba ni rahisi kutumia. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 30,000. Mkazi wa Kyuso au Mutomo anayeomba cheti kwa simu huokoa nauli na siku nzima ya kazi shambani. Mathalan, mkulima aliyesajiliwa kupata mbolea ya ruzuku hupokea ujumbe kwenye simu yake. Faida hiyo huonekana pasipo kuhubiriwa.

Jambo la pili ni wepesi. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilienea hadi vijijini kwa kuwa ilitumia simu ya kawaida, ilikuwa na wakala jirani, na menyu yake ilipatikana kwa Kiswahili. Kinyume chake, fomu ndefu yenye istilahi ngumu humpeleka mzee wa Kibwezi katika saiba, ambako kijana humfungulia akaunti na kubaki na nywila yake. Mzee huyo amehudumiwa, ila hajawezeshwa. Kesho atarudi kulipa tena. Waama, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hivyo, istilahi sahili ni haki ya raia.

Jambo la tatu ni imani. Mnamo Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikatatizika. Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini imani hujengwa pale malipo yaliyokwama yanaporejeshwa upesi, na pale mwananchi anapokuwa na afisa wa kumwendea, kama ilivyo katika vituo vya Huduma vya Kitui na Wote.

Kwa kuhitimisha, ni bayana kwamba amri pekee haitoshi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao mchango: kusanifu istilahi ambazo mzee wa Kibwezi atazisoma mwenyewe, akaitunza nywila yake mwenyewe.