Karata 60 na Uhai 20

Haya vijana, sogeeni niwasimulie habari ya karata. Sisemi zile mnazozijua, za kopa, uru, shupaza na pau, ambazo jozi yake hununuliwa dukani ikiwa kamili na wachezaji wote hugawiwa kutoka humo humo. Nasema mchezo ambao kila mtu huja na jozi yake mwenyewe, aliyoichagua karata moja moja, na ambao sehemu kubwa ya ushindi hutafutwa kabla mtu hajaketi mezani.

Mchezo huo unaitwa Magic: The Gathering. Aliubuni Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Mwaka 2002 ukaingia kwenye kompyuta kwa jina la Magic Online. Huko ndani kompyuta ndiyo inayochanga karata, inayosimamia kanuni na inayohesabu dakika, na mtu aliyeko Japani anashindana na aliyeko Brazil bila yeyote kati yao kutoka nyumbani.

Nitawapa kanuni kwa ufupi, maana bila hizo hadithi haiendi. Kila mchezaji huanza na uhai 20 na karata 7 mkononi. Kila zamu yako ikifika unaokota karata moja, isipokuwa yule anayefungua mchezo, ambaye haokoti zamu ya kwanza. Zipo karata za ardhi, kama Mlima au Msitu, na hizo ndizo zinazokupa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine. Unateremsha ardhi moja tu kwa zamu. Zilizobaki ni viumbe wanaokupigania, mapigo ya kumrushia adui, na nyingine za aina nyingi. Jozi yako isipungue karata 60, na karata yoyote isizidi nakala 4, ukiacha zile ardhi za msingi. Uhai wa mwenzako ukifika sifuri, umeshinda.

Karata zilizokwisha kutolewa tangu 1993 zinazidi 20,000. Zaidi ya elfu ishirini, vijana, nawe unatakiwa kuchagua 60! Mgeni akiiona bahari hiyo hufanya jambo linaloeleweka kabisa: huokota zilizo kali zaidi, moja hapa, moja pale, dubwana hili, joka lile. Kisha anacheza na kufungwa, anacheza tena na kufungwa, wala haoni kosa liko wapi, maana kila karata aliyonayo ni nzuri.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Atlanta, Marekani, mwaka 1996. Palikuwa na mashindano ya mchujo wa kuingia Pro Tour, mashindano makubwa ya mchezo huu. Akatokea mchezaji aitwaye Paul Sligh, amebeba jozi iliyobuniwa na Jay Schneider. Ukiisoma orodha yake leo bado unastaajabu. Humo mlikuwa na Ironclaw Orcs, kiumbe mwoga asiyethubutu kumzuia adui mwenye nguvu ya 2 au zaidi. Mlikuwa na Brass Man, mtu wa shaba ambaye akishashambulia hawezi kusimama tena mpaka umlipie mana. Ni karata ambazo wachezaji wengi wangezipita bila kuzitazama mara mbili. Sligh akamaliza wa pili, na jina lake likabaki kwenye aina hiyo ya jozi mpaka leo.

Iliwezekanaje? Schneider hakuuliza karata ipi ni kali kuliko zote. Aliuliza maswali mengine: zamu ya kwanza, nikiwa na mana 1, nitafanya nini? Ya pili, nikiwa na mana 2? Ya tatu? Akajaza karata nyingi za bei ndogo, akapunguza idadi kadiri bei inavyopanda, ili kila zamu mana yake itumike yote. Mwenye joka la mana 6 hukaa zamu tano akilitazama tu mkononi. Katika zamu hizo tano yule Ironclaw Orcs, pamoja na woga wake, amekwisha kumpiga na kumpiga tena. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kwanza la kumfundisha kijana anayeanza, kabla ya kumtajia jina la karata hata moja.

Zipo namna nyingi za kucheza Magic, na kila moja ina sheria yake kuhusu karata zinazoruhusiwa. Ninayoipenda kuliko zote ni Pauper. Sheria yake ni kwamba kila karata lazima iwe imewahi kutolewa katika daraja la kawaida, lile la chini kabisa, ambalo katika matoleo ya miaka hii alama yake huwa nyeusi, wakati madaraja ya juu yana alama ya fedha, ya dhahabu au ya rangi ya chungwa. Pauper ilikulia Magic Online, ikatambuliwa huko rasmi mwaka 2008, na mwaka 2019 kanuni zake zikaunganishwa na zile za karata za karatasi. Karata za daraja hilo huchapwa kwa wingi mno, kwa hiyo nyingi huuzwa kwa senti chache. Hapo mwenye fedha hana pa kujificha. Yeye na wewe mnachagua kutoka kapu moja, na tofauti yenu ni nani amefikiri zaidi.

Basi tujenge jozi moja ya Pauper. Tuchukue rangi nyekundu, moja kati ya rangi tano za mchezo, rangi ya moto na radi. Karata yake mashuhuri ni Lightning Bolt, iliyokuwapo tangu 1993: unalipa mana 1, unapiga 3. Wapo ndugu zake wa bei hiyo hiyo na pigo hilo hilo, kama Chain Lightning na Lava Spike.

Chukueni kalamu. Adui ana uhai 20, pigo moja ni 3. Mapigo 6 ni 18, hayatoshi. Mapigo 7 ni 21, yanatosha. Kwa hiyo kazi ya jozi yetu nzima inasemeka kwa maneno machache: tupate mapigo 7 na ardhi za kuyalipia, upesi iwezekanavyo.

Upesi kiasi gani? Tuseme wewe ndiye uliyefungua mchezo. Ulianza na karata 7, ukaokota moja zamu ya pili, moja ya tatu, moja ya nne. Kufikia zamu ya nne umeona karata 10. Ukiweka ardhi 18 kati ya 60, yaani tatu katika kila kumi, kwa wastani umepata ardhi 3 na mapigo 7. Mana je? Zamu ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3 tena. Jumla ni 9, nasi tulihitaji 7. Adui amekwisha, zamu ya nne!

Sasa badilisha namba moja tu. Weka ardhi 24, idadi ambayo jozi nyingi nzitonzito huitumia. Katika karata zile zile 10 unapata ardhi 4 na mapigo 6. Sita mara tatu ni 18. Adui amebaki na uhai 2, anakutazama, na zamu ni yake. Ardhi sita tu zilizozidi zimekunyima ushindi. Ndiyo maana mchezaji mzoefu akikuomba umwoneshe jozi yako, huanza kwa kuhesabu ardhi.

Lakini wastani hauji kila siku. Ardhi ni kama kuni na mapigo ni kama unga: mwenye kuni bila unga hulala njaa, na mwenye unga bila kuni hulala njaa vile vile. Kwa ardhi 18, mikono ya kwanza kama 31 katika kila 100 itakuja na ardhi 1 au bila ardhi kabisa. Kwa ardhi 24 mikono ya namna hiyo hupungua hadi kama 14. Kwa hiyo tunapochagua 18 tunanunua kasi, na bei yake ni mikono mibovu. Mkono mbovu unaruhusiwa kuukataa: kwa kanuni iliyopo tangu 2019, unaokota 7 nyingine kisha unarudisha moja chini ya jozi. Unaanza na karata 6, lakini angalau unacheza. Jifunzeni kuukataa mkono mbovu bila huruma, hata kama ndani yake kuna karata mnayoipenda.

Na nakala je? Karata uliyoiweka mara moja tu itakuwamo katika mkono wako wa kwanza kama mara 12 katika mia. Ukiiweka nakala 4, utaikuta kama mara 40. Ndiyo sababu jozi za mashindano huwa na aina chache za karata zilizorudiwa nne nne. Ni sababu hiyo hiyo inayowafanya wakae kwenye 60 kamili, ingawa sheria haikatazi 61 au 70. Kila karata unayoongeza inaisukuma ile bora zaidi mbali na mkono wako. Kujenga jozi kwa kweli ni kazi ya kukata, na kukata kunauma. Unayo karata nzuri, unaipenda, umeitafuta muda mrefu, lakini hapa haina kazi. Iweke kando.

Hata nne nne nayo si amri. Tazameni Fireblast: bei yake ni mana 6, lakini inakuruhusu kutoa kafara Milima miwili badala ya kulipa, na inapiga 4. Ni pigo tamu la kumalizia. Lakini ikikujia ya pili mkononi, Milima mingine miwili itatoka wapi, nawe ulikusudia kushinda ukiwa na ardhi tatu? Wengi huweka nne. Mimi ningeweka mbili au tatu.

Kuna atakayetaka kuongeza rangi ya pili, na mara nyingine inafaa. Mholanzi Frank Karsten, mchezaji mashuhuri wa Magic na mtaalamu wa hisabati, amekokotoa jambo hili kwa miaka. Kwa hesabu zake, ukitaka kwa uhakika wa kutosha kucheza karata ya mana 1 ya rangi fulani tangu zamu ya kwanza, jozi ya karata 60 inahitaji ardhi kama 14 zinazotoa rangi hiyo. Sisi tunazo 18 kwa jumla. Ukizigawa tisa kwa tisa, rangi zote mbili zitakukwama.

Mpaka hapa tumecheza kana kwamba adui amefungwa mikono. Ukikutana na jozi ya kijani ya elfu (si elfu ya kuhesabia, bali vijiumbe vya hadithi za Kizungu, elves), mambo yanabadilika. Zamu ya kwanza anateremsha Llanowar Elves, kijiumbe kinachomzalishia mana, na baada ya zamu chache anafurika viumbe. Je, kwa Lightning Bolt yako umpige adui mwenyewe au umpige elfu wake? Mwaka 1999 Mmarekani Mike Flores aliandika makala ambayo wachezaji wanaisoma hadi leo, na hoja yake ilikuwa kwamba katika kila pambano mmoja ni mshambuliaji na mwingine ni mlinzi, na anayekosea kutambua nafasi yake hupoteza. Mbele ya elfu hawa, sisi wa moto mara nyingi tunalazimika kulinda kwanza: ua yule wa mwanzo, mcheleweshe, kisha rudi kwenye hesabu yako ya 20. Ndipo utaona kwa nini Lightning Bolt ni bora kuliko Lava Spike ingawa zote hupiga 3. Lava Spike haiwezi kumpiga kiumbe.

Pambano la mashindano huchezwa kwa kutafuta ushindi wa michezo miwili kati ya mitatu, na baada ya mchezo wa kwanza unaweza kubadilisha karata kutoka akiba yako ya 15. Wenye kijani wataingiza Weather the Storm, inayowarudishia uhai kwa wingi. Wenye bluu wataingiza Hydroblast, inayozima pigo jekundu kwa mana 1. Nawe akiba yako isikutoe kwenye hesabu. Dhidi ya jozi za mashine na vyuma, karata ninayoipenda ni Smash to Smithereens: inavunja chombo cha adui na papo hapo inampiga mwenyewe 3. Umejilinda, na bado umesogea hatua ile ile kuelekea 21.

Msikimbilie kununua. Kateni vikaratasi 60, andikeni majina na bei za mana, changeni, okoteni saba, hesabuni mapigo yanafika lini. Rudieni mara nyingi, badilisheni karata moja, rudieni tena.

Na hata jozi ikishakaa vizuri, haidumu. Mwaka 2022 Monastery Swiftspear, kiumbe mwekundu wa mana 1 anayeshambulia zamu ile ile anayoteremshwa na kuongezeka nguvu kila unaporusha pigo, alitolewa kwa mara ya kwanza katika daraja la kawaida. Jozi nyekundu za Pauper zikamkumbatia kwa nakala 4, na zikawa kali kupita kiasi. Mwaka huo huo Wizards of the Coast walikuwa wameunda jopo la kuisimamia Pauper, lenye wachezaji kutoka nchi mbalimbali zikiwamo Italia, Brazil na Japani. Mei 2023 jopo hilo likampiga marufuku Swiftspear, na wenye jozi nyekundu wakabaki na nafasi nne za kujaza upya.