Kung'oa urembo wa gari la zamani bila kulijeruhi: fizikia ya subira

Umewahi kuona Peugeot 404? Kama hujaiona, muulize babu. Ndiyo gari ambalo Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapa Tanzania, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Baba yangu mdogo anayo moja kule Ruanda, Mbozi. Mwaka jana aliamua kuipaka rangi upya, nikajitolea kung'oa ule ukanda wa kung'aa wa ubavuni. Nikachomeka bisibisi, nikavuta. Ukanda ukapinda kama "V". Spea? Hakuna. Basi ngoja nikueleze nilichokosea, ili wewe usirudie.

Kwanza, ujue umeshikwa na nini

Magari ya zama hizo mengi hushikilia urembo kwa klipu au nati za nyuma. Ya miaka ya karibuni hutumia gundi. Chungulia ndani ya mlango na buti: ukiona nati, ipulizie mafuta ya kulainisha kutu, iache usiku kucha, ndipo uifungue.

Klipu: tatizo ni presha

Presha ni nguvu gawanya kwa eneo. Ukisukuma kwa nyutoni 50 na ncha ya bisibisi yenye milimita za mraba 5, bodi inabeba nyutoni 10 kwa kila milimita ya mraba. Tumia kipande cha mti laini chenye milimita za mraba 200, inabaki 0.25 tu. Nguvu ni ileile, ila rangi haichubuki. Bandika pia masking tepu pembeni.

Halafu usivute ncha moja! Ukanda wote unapinda kwenye klipu inayofuata. Chuma kikipinda kidogo hurudi. Kikivuka kikomo chake, hakirudi tena. Na ukikinyoosha, kinazidi kuwa kigumu, mwishowe kinakatika kama waya uliokunjwa-kunjwa. Kwa hiyo achia klipu moja, sogea, achia nyingine.

Gundi: tatizo ni haraka

Gundi ya urembo ina tabia ya bigijii. Ukiivuta ghafla inakaza. Ukiivuta taratibu inanyumbulika. Ikipata joto inalainika zaidi. Asubuhi ya baridi ya Mbozi siyo saa ya kazi hii: gundi ni ngumu, na plastiki iliyozeeka inavunjika kirahisi. Subiri jua, au tumia draya ya saluni. Kipimo ni kiganja chako: kama hakivumilii kugusa pale, umezidisha. Kisha pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki nyuma ya nembo, ukate kama msumeno.

Mabaki yasugue kwa kidole gumba. Yakigoma, tumia mafuta ya taa kidogo, ukianza kujaribu sehemu iliyojificha. Draya iwe imezimwa kabisa, maana mvuke wake unawaka. Malizia kwa maji ya sabuni.

Kabla ya kurudisha

Angalia chini ya urembo. Maji hutuama pale, na kukiwa na mkwaruzo uliofika kwenye chuma, kutu inakula kimyakimya. Sugua, paka praima, ndipo urudishe.

Upande wa pili wa ile 404 nilitumia siku nzima, na ukanda ukatoka mzima. Ule wa kwanza upo bado, na "V" yake. Baba mdogo amekataa kuuficha. Kila mgeni anaambiwa nani aliupinda.

Na wewe, umeshavunja nini kwa haraka?