Mota ya Kuusaidia Mkono Mlimani

Anayenyonga baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono huutambua mlima mapema kuliko mwenye miguu. Genkuru, kijiji cha Tarime kilicho jirani na mgodi wa North Mara, kiko katika nchi ya vilima, na bodaboda hupanda miinuko mingi ya huko bila dereva kuifikiria. Mtu mwenye ulemavu wa miguu aliyekaa kwenye baiskeli yake huanza kuuhisi mwinuko uleule mabegani, kisha kifuani, na mwisho hulazimika kusimama na kungoja mtoto wa jirani aje kumsukuma. Kungoja huko ndiko kunakofanya mtu asiende kliniki, asiende gulioni, asiende msibani.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mwendeshaji ana kilo 65, baiskeli kilo 35, na mzigo kilo 10. Jumla kilo 110. Kwenye barabara tambarare ya changarawe iliyoshindiliwa, kwenda kilomita 6 kwa saa kunahitaji nguvu ya wati 35 hivi, na mikono ya mtu mzima mwenye afya yaweza kuitoa kwa muda mzuri. Sasa barabara ipande mita 5 kwa kila mita 100. Kwa mwendo uleule zitatakiwa wati 125 hivi, na hapo mikono ya watu wengi haifiki. Anachoweza kufanya ni kushuka hadi kilomita 2 kwa saa, polepole kuliko bibi mwenye mkongojo.

Misuli ya mikono ni midogo kuliko ya mapaja. Mtu akipimwa akinyonga kwa mikono hadi mwisho wa nguvu zake, mwili hutumia kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungetumia akinyonga kwa miguu. Kwa hiyo anayekwama mlimani si mvivu wala si dhaifu, ingawa wapo wanaomwambia hivyo.

Mota ndogo ya wati 250, inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu, inatosha kuziba pengo hilo. Swali gumu ni namna ya kuifunga kwa faida ya afya ya anayeiendesha, kwa sababu kuna njia ya kumsaidia mtu na kuna njia ya kumuumiza kwa fedha yake mwenyewe.

Tuanze na waliougua polio. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alipatikana mwaka 1996, kwa hiyo wengi wa waliopooza kwa ugonjwa huo leo ni watu wazima wenye watoto na wajukuu. Virusi vya polio huua chembe za neva zinazoamrisha misuli. Chembe zilizosalimika huchipuza matawi mapya na kuilisha misuli iliyoachwa yatima, na ndivyo mtoto alivyopata tena nguvu kiasi. Lakini neva moja iliyobeba kazi ya neva kadhaa huchoka. Miaka 15 hadi 40 baadaye, baadhi ya watu huanza kuishiwa nguvu upya, na hata mkono uliodhaniwa mzima huanza kuuma na kulegea. Mtu wa namna hiyo akijikaza kila siku hadi achoke kabisa, anaitumia akiba isiyorudi. Kwake mota ni kinga.

Upande wa pili ni moyo. Kwa mtu asiyetembea, kunyonga huwa ndiyo mazoezi pekee ya moyo na mapafu anayoyapata. Akifungiwa mota inayomvuta tangu mlangoni hadi sokoni, mikono imetulia, baada ya miezi kadhaa pumzi itapungua na kilo zitaongezeka. Ndiyo maana napendelea mfumo wenye kihisio kwenye pedali za mkono: ukinyonga, mota inaongeza, ukiacha, nayo inaacha. Kama fundi ana ile ya kukoleza kwa kidole tu, mwendeshaji ajizoeze kuiwasha mlimani na kuizima tambarare.

Aliyeumia uti wa mgongo ana hatari nyingine isiyoonekana. Ngozi ya makalio na miguu yake yaweza kuwa haihisi chochote. Mota humpeleka mbali zaidi, maana yake anakaa kitini muda mrefu zaidi na kutikiswa zaidi na mawe ya barabara, na vidonda vya mgandamizo huanzia hapo. Anahitaji mto mzuri wa kukalia, na kila baada ya nusu saa au chini yake asimame pembeni, ajiinue kwa mikono au ajiegemeze mbele ili damu ipite. Kifaa kinachoongoza umeme wa mota hupata joto, na kwa wanaofunga injini ya petroli badala ya mota, bomba lake la moshi huunguza kabisa. Vyote viwe mbali na mguu usiohisi. Mtu anaweza kuungua safari nzima na kugundua jioni anapovua suruali.

Wazo la kunyonga kwa mikono lenyewe ni la kale. Mwaka 1655, karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi saa kijana aitwaye Stephan Farffler, asiyeweza kutembea, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu akakiendesha kwa kuzungusha mikono. Inanigusa kwamba mtumiaji mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi.

Fundi wa leo, awe wa baiskeli au wa kuchomelea, aanze na foki. Mota ya gurudumu la mbele inaposukuma mbele, ekseli yake hulazimishwa kuzunguka kinyume. Foki nyepesi hupanuka, nati hulegea, gurudumu huchomoka. Chuma cha kuishika ekseli isizunguke ni lazima kiwepo kila upande. Tena, baiskeli inapopanda mlima uzito hurudi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuteleza kwenye changarawe, sembuse kwenye tope la masika. Betri ikiwekwa chini, mbele ya kiti, hulikandamiza gurudumu hilo na pia huizuia baiskeli kupinduka.

Betri ya lithiamu ya volti 36 na ampea-saa 10 ina uzito wa kilo 3 hivi, na kwa hesabu yangu yatosha kama kilomita 20 za vilima, mikono ikisaidia. Za risasi na asidi zenye ujazo huohuo hufika kilo 11 au 12, na hufa mapema zikizoeshwa kuishiwa kabisa. Lakini lithiamu haitaki mzaha: ichajiwe kwa chaja yake tu, watu wakiwa macho, mbali na godoro na mlango wa kutokea. Ikivimba au ikipondeka, isitumike tena.

Kuhusu breki sina subira. Baiskeli nyingi za aina hii zina breki moja, na mikono miwili ya mwendeshaji tayari ina kazi ya kunyonga na kuongoza. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kubanwa huongezeka mara nne, na nguvu inayoisukuma baiskeli ipinduke kwenye kona nayo huongezeka mara nne. Kilomita 12 kwa saa zikiwa 24, kona iliyozoeleka inakuwa mtego, hasa kwa baiskeli yenye kiti kirefu na gurudumu moja mbele. Mota ifungwe kikomo cha kilomita 12, isizidi 15. Breki iwe kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma pia, na mpini wake ukate umeme wa mota mara tu unapobanwa.

Kabla ya haya yote mtu apimwe mwenyewe: mabega, ngozi, jinsi anavyokaa. Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilichoko hospitali ya KCMC, hufundishwa mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu, na kumpima mtu ni sehemu ya kazi yao. Fedha nayo si siri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Kikundi kinachofanya biashara kwa baiskeli kina haki ya kuziulizia.

Siku ya kukabidhiwa baiskeli, fundi asilipwe uwanjani palipo tambarare. Waende mlimani, mzigo ukiwa juu. Katikati ya mwinuko mwendeshaji azime mota, avute breki ya kuegesha, aachie mikono yote. Fundi asimame nyuma yake, tayari kuishika. Baiskeli ikirudi nyuma hata shubiri moja, irudishwe gereji.