Maili za ndege: watu wawili, vitanda vitatu

Mwaka jana binti yetu mkubwa, aliyeolewa Toronto, alitupigia simu kutuambia ana mimba yake ya kwanza. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Vilipokwisha, mke wangu alikaa upande wa kitanda, mkono kiunoni, akanyamaza. Nilijua anafikiria nini. Miaka mitatu nyuma alipasuliwa mgongo, na daktari alimkataza kukaa kitako kwa saa nyingi mfululizo. Kutoka Nairobi hadi Toronto kwa njia ya Ghuba ni saa kumi na tisa hivi za kuwa hewani, mbali na kungoja.

“Nenda wewe ukamwone,” aliniambia. “Mimi mjukuu nitamwona kwenye simu.”

Sikulala vizuri usiku ule. Kwetu sisi, mwana akijifungua mara ya kwanza mamake huwa kando yake mpaka arubaini itoke. Hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Pwani. Asubuhi nikaenda kwa wakala wa tikiti mjini kuuliza bei ya daraja la biashara, lenye viti vinavyolala vikawa vitanda. Aliponitajia, zaidi ya nusu milioni kwa mtu mmoja, nilimshukuru nikatoka. Mimi nauza vipuri vya magari. Pesa hizo sina.

Nilichokuwa nacho ni maili. Kwa miaka minane nimekuwa nikienda Guangzhou kuleta mzigo, mara tatu hadi nne kwa mwaka, kwa shirika moja la Ghuba. Nilijiandikisha katika mpango wao wa maili, kisha nikasahau. Makala haya nayaandika kwa sababu najua wengi wenu, wa biashara, wa umra na wa kutembelea jamaa Uingereza na Marekani, mna maili zimelala mahali bila nyinyi kujua.

Maili ni nini hasa

Ni zawadi ya mteja wa kila mara, mithili ya pointi za dukani. Unasafiri, unahesabiwa, na hesabu ikitosha unalipia tikiti kwa maili badala ya pesa. American Airlines ilianza mpango wake mwaka 1981 na wengine wakafuata. Leo Kenya Airways ina Asante Rewards, Ethiopian ina ShebaMiles, Emirates ina Skywards, Turkish ina Miles&Smiles, na Qatar Airways tangu 2022 huziita zake Avios. Kujiandikisha ni bure.

Jina lisikuhadae, ukadhani kila maili ya angani ni maili kwenye akaunti. Mashirika mengi huangalia pesa ulizolipa, au ile herufi ya nauli iliyoandikwa kwenye tikiti. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega, mmoja akapata maili mara nne ya mwenzake, kwa kuwa huyu alinunua nauli ya chini kabisa na yule hakununua hiyo. Tena ziko za aina mbili: za kutumia, na zile zinazokupandisha cheo cha uanachama. Watu huchanganya, wakaona hesabu kubwa wakadhani wana tikiti.

Mashirika pia yana urafiki wao. Kenya Airways imo SkyTeam, Ethiopian na Turkish zimo Star Alliance, Qatar imo Oneworld, na Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ingawa ina washirika wake. Maana yake ni kuwa ukiruka na Turkish unaweza kuhesabiwa ShebaMiles. Kwa hivyo chagua kapu moja. Anayesafiri leo na huyu, kesho na yule, na kila mmoja ana akaunti yake, huishia na maili elfu sita hapa, elfu tisa pale, na zote hazimfikishi popote. Mshika mbili moja humponyoka.

Kosa langu

Mke wangu amesafiri nami mara nne kabla ya safari hii, mara mbili kwa umra na mara mbili Dubai. Hakuwa na akaunti. Sikumfungulia. Mimi niliandikwa, yeye akawa kama mzigo uliofuatana nami. Maili zake za safari zote nne zilipotea, kwani kudai maili za nyuma huruhusiwa kwa miezi michache tu tangu siku ya safari, na lazima uwe na tikiti na pasi ya kupandia ndege.

Msifanye kosa hilo. Kila mtu katika nyumba awe na akaunti yake, kisha muulizie mpango wa familia. Skywards na Avios za Qatar, kwa mfano, huruhusu jamaa kuchanga maili zao kwenye mfuko mmoja. Hapo ndipo mume na mke huanza kuonja faida, kwa sababu maili za mtu mmoja ni vigumu kubeba wawili.

Jambo la pili: maili hufa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu. Kuna mashirika ambayo kila maili ina siku yake ya kuisha, na kuna mengine ambayo ukipitisha muda bila kusafiri wala kutumia, zote huondoka kwa pamoja. Mimi siku hizi mzigo mwingi naagiza kwa simu, safari zimepungua. Nilipofungua akaunti baada ya muda mrefu, nilikuta maili laki moja na elfu tisini, na miezi minne ya uhai.

Hesabu ya vitanda

Nilifurahi kabla ya kupiga hesabu. Tikiti ya bure ya daraja la biashara, kwenda na kurudi, ya mtu mmoja tu, ingekula maili zote na bado nisifike.

Yule wakala, Mungu amjaalie, alinionyesha njia nyingine. Nunueni tikiti za kawaida kwa pesa, alisema, kisha tumieni maili kupandishwa daraja ile sehemu ndefu tu, kutoka Ghuba hadi Toronto. Ile ya kutoka Nairobi ni saa tano, mke wako atainuka atembee. Hii ya pili ni saa kumi na nne. Hapo ndipo panapotaka kitanda.

Siku ile kupandishwa daraja kuligharimu kama maili elfu sitini kwa mtu mmoja, kwa upande mmoja. Laki moja na tisini kwa sitini: vitanda vitatu. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni nafasi nne. Tumepungukiwa na kimoja.

Hapa nieleze mambo mawili ambayo matangazo hayasemi kwa sauti. La kwanza, nauli ya chini kabisa mara nyingi haipandishwi daraja. Ilitubidi tununue ile iliyo juu yake kidogo, na tofauti ile ni pesa taslimu. Mkwe wetu alisaidia, nami nikatoa zamu yangu ya chama. Hata anayepata tikiti kamili kwa maili bado hulipa kodi na ada kwa pesa, na kwa baadhi ya mashirika ada hizo si ndogo. Kabla hujathibitisha, linganisha: nalipa kiasi gani, na tikiti ya pesa ni kiasi gani? Wakati mwingine maili haziokoi kitu.

La pili, viti vya maili ni vichache. Ndege ina viti vingi vya daraja hilo, lakini shirika huweka kando viwili vitatu tu kwa watu wa maili, vingine huviwekea wenye pesa. Mtu mmoja hupenya. Wawili kwa siku moja, katika ndege moja, ndio mtihani. Dawa ni tatu: tafuta mapema sana, miezi kumi hivi kabla, au angalia tena siku za mwisho, maana viti visivyouzwa huachiliwa, na uwe tayari kubadilisha siku, kwa sababu katikati ya wiki ni rahisi kuliko likizo za shule na Ramadhani. Sisi tarehe zetu ziliamuliwa na mimba, hatukuwa na la kuchagua. Kwenda kulikuwa na kiti kimoja. Kurudi viwili.

Basi hesabu ikajikamilisha yenyewe.

Usiku wa kwenda

Tulipanda SGR pale Miritini, tukashuka Syokimau, tukaenda JKIA. Sehemu ya kwanza tulikaa pamoja nyuma, mke wangu akiinuka kila baada ya saa. Ndege ya pili, mlangoni, yeye alielekezwa kushoto na mimi kulia. Alinishika mkono wa kanzu. Tumeoana miaka ishirini na minne na hatujawahi kutenganishwa na pazia.

Saa kumi na nne nilizimaliza kati ya kijana mmoja aliyelala begani kwangu na mama mwenye mtoto. Nilitembea, nilinyoosha miguu, nilikunywa maji, maana kukaa muda mrefu bila kusogea kunaweza kugandisha damu miguuni. Katikati ya safari mhudumu aliniruhusu nikamwone. Nilimkuta amelala chali, mgongo umenyooka, shungi limemfunika vizuri, analala usingizi ambao sijamwona nao tangu apasuliwe. Sikumwamsha. Nilirudi kitini kwangu, na sikuona tena kuwa kiti ni kidogo.

Kurudi tulikaa pamoja. Kwa anayetaka kujua: chakula huja kwenye sahani za udongo, kimoja kimoja. Mashirika ya Ghuba nyama yao ni halali. Kwa mengine agiza mlo wa Kiislamu angalau siku moja au mbili kabla. Vileo hupitishwa, sema hapana, utaletewa sharubati. Tulijumuisha sala zetu kama wasafiri. Na kama mnataka kukaa ubavu kwa ubavu, chagueni viti vya katikati mara tu mnapothibitisha, kwani ndege nyingi viti vya dirishani ni vya mtu mmoja mmoja.

Tahadhari

Kuna watu huuza maili kwenye makundi ya simu kwa bei ya kutupa. Jiepusheni. Mashirika hukataza kuuziana, na maili nyingi za namna hiyo zimeibwa kwenye akaunti za watu. Tikiti hufutwa, na wewe unajua hivyo ukiwa uwanjani na mizigo yako. Wala usimpe mtu neno lako la siri akusaidie “kuzirudisha” zilizokufa.

Ziko pia kadi za benki zinazotoa pointi. Huko Marekani watu wengi hupata maili zao kwa njia hiyo kuliko kwa kusafiri. Lakini kadi ya mkopo ikicheleweshewa malipo huzaa riba, na hilo kwetu si jambo la kupuuza. Waulizeni masheikh zenu kabla ya kusaini. Mimi sikuona kitanda cha ndege kinachostahili kulaliwa juu ya riba.

Jengine, mashirika mengi huandika kuwa maili si mali ya mteja. Yanaweza kubadilisha bei yake usiku mmoja, na mwenyewe akifariki si lazima warithi wapewe. Kwa hivyo usizihifadhi kama dhahabu. Zikitosha kwa jambo lenye maana, zitumie.

Jamaa mmoja barazani aliniuliza kama haya si israfu, watu wa Mji wa Kale kulala kwenye vitanda vya matajiri. Nilimjibu kuwa ningeuza shamba la mamangu ili nipigwe picha na mto wa ndege, hiyo ndiyo israfu. Lakini kitu kilichokwisha kulipiwa kwa jasho la safari za Guangzhou, ambacho kingekufa baada ya miezi minne, kimemfikisha mama kwa mwanawe mzima wa mgongo. Alimpokea mjukuu kwa mikono yake, akamwogesha, akakaa mpaka arubaini ikatoka. Tungemwona kwenye simu, ndiyo, lakini kwenye simu mtoto haogeshwi.

Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kudai maili za safari ile kwa akaunti yake mpya, niliyomfungulia kabla hatujaondoka. Zimeingia. Nilipendekeza tuziunganishe na zangu chache zilizobaki, tuanze upya kidogo kidogo.

Ameniambia zake asiguse mtu. Mtoto wa pili akija, anataka vitanda vyote vinne.