Upasuaji wa Presha ya Macho na Miaka Inayoufuata

Katika Kakamega, kama kwingineko magharibi mwa Kenya, sifa za upasuaji wa mtoto wa jicho zimeenea mpaka vijijini, kwa sababu mzee aliyepelekwa hospitali akishikwa mkono hurejea nyumbani akiwatambua wajukuu wake kwa sura. Na kwa hiyo watu wengi huamini kwamba kila kisu kinachogusa jicho huleta nuru mpya. Imani hiyo haifai kwa maradhi ya glakoma, ambayo aghalabu huitwa presha ya macho. Mgonjwa wake hufunguliwa bendeji akaona vile vile alivyoona jana, au pungufu kidogo kwa majuma machache, akanung'unika kwamba fedha zake zimepotea bure, na hali yamkini upasuaji wake umefaulu.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi ambayo hutoka kwa vijia vyembamba sana. Maji yakikosa njia, shinikizo, ambalo kwa watu wengi huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki, hupanda na kuudhuru mshipa wa fahamu upelekao habari za jicho kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo zikifa hazifufuki. Muradi wa tiba ni kuzihifadhi zilizosalia.

Upasuaji utumiwao zaidi huitwa trabekulektomi, nao ulielezwa na J. E. Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1968. Chini ya ukope wa juu, tabibu hukata kifuniko chembamba katika ukuta mweupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, kisha hukishona kifuniko bila kukikaza mno, ili maji yachirizike polepole na kufanya uvimbe mdogo chini ya utando wa jicho. Taabu ni kwamba mwili hutaka kukiponya kidonda hicho, na kovu likiziba njia, shinikizo hurudi. Watu wa asili ya Kiafrika huelekea zaidi kupatwa na kovu hilo, ndiyo sababu matabibu wengi hupaka dawa ya mitomisini kwa dakika chache kabla ya kushona. Afrika Kusini walijaribu mionzi ya beta kwa wagonjwa 320, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006: baada ya mwaka mmoja, upasuaji ulishindwa kwa watu wapatao 30 katika kila 100 wasiopewa mionzi, na kwa 5 tu katika 100 waliopewa. Lakini waliopewa mionzi walihitaji zaidi upasuaji wa mtoto wa jicho baadaye.

Miaka ipitapo, wengine hurudia dawa za matone, na wengine hupasuliwa mara ya pili. Uvimbe ule nao waweza kuingiwa na vijidudu hata baada ya miaka mingi. Basi jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, likatoa usaha, likauma au likaona ukungu, sharti mgonjwa afike hospitali siku ile ile, wala asingoje kulale kuche.

Tiba ipo karibu: mjini kuna hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, na katika kaunti jirani ya Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia. Lililo gumu ni kuzishika tarehe za kliniki kwa jicho lisilouma, wakati nauli kutoka Lugari au Butere inagombewa na karo na mbolea. Hapo ndipo aila inapotakiwa kusimama, iihesabu nauli hiyo kuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Na kwa kuwa maradhi haya hufuata damu, ndugu na watoto wa mgonjwa, hasa waliotimiza miaka 40, wamsindikize kliniki nao wakapimwe, maadamu nuru yao ingali kamili.