Fundo la Ulimi na Tabibu Wake

Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na nduguye Harun awe msaidizi wake. Habari hii imo katika Sura Taha, na watoto wetu huisoma chuoni. Basi uzito wa ulimi si aibu, wala kumtafutia mtu msaada si aibu.

Twalisema hili kwa kuwa wazazi wengi hutuletea sisi walimu watoto waliochelewa kusema, au wenye kigugumizi, wakitumai kwamba tajwidi itawanyosha ndimi. Ni kweli kwamba wanazuoni wa zamani walizijua mno njia za herufi. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya pili ya Hijra, aliipanga kamusi yake kwa kuanza na herufi za kooni. Na Wasil bin Ata, ambaye itikadi yake hatuifuati, hakuweza kuitamka ra sawasawa, akawa akihutubu huku akiikwepa! Lakini kujua herufi hutokea wapi si kujua kwa nini mtoto fulani hasemi. Hiyo ni elimu nyingine, nayo ina wenyewe.

Mwenye elimu hiyo ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Humtazama mtoto asiyesema, na mzee aliyepotewa na maneno kwa kiharusi, na hata mgonjwa apaliwaye na maji. Kwetu ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Na penye uchache wa wajuzi, wadai huwa wengi.

Awali ya yote mtoto apimwe masikio. Mara ngapi twasikia mtoto akiitwa mkaidi, hata kupigwa, kumbe hasikii! Hospitali kubwa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Kenyatta ya Nairobi, zina idara ya masikio, pua na koo. Hapo ndipo pa kuulizia tabibu wa usemi. Nchini Kenya, tangu mwaka 1984, viko pia vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye ulemavu, na ofisi ya elimu ya karibu huweza kumwelekeza mzazi.

Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili apelekwe. Aliyekuwa akisema kisha akanyamaza, apelekwe upesi. Kigugumizi cha mtoto mdogo mara nyingi huondoka chenyewe, lakini kikidumu miezi, au kikimtia mtoto huzuni, kisingojewe.

Atajulikanaje aliye wa kweli? Mwulize amesoma wapi na ana cheti gani. Mjuzi haoni haya kukionyesha. Naye atakuuliza mengi kabla ya kutenda lolote, na atataka mama akae papo hapo ajifunze mazoezi ya nyumbani. Jambo hili lawafaa khasa watu wa visiwani na mashambani, ambao hawawezi kusafiri kila juma. Anayeahidi kuponya kwa siku saba, mwepuke. Anayetaka kukata kimeo, mkimbie. Kukata huko hakufungui usemi, na huleta kutokwa na damu na maradhi. Na asemaye muache Kiswahili nyumbani ili mtoto aseme, hakusema kweli, kwani lugha mbili hazimfungi mtoto ulimi.

Ama chuoni, fimbo haina kazi hapa. Mwenye kigugumizi husoma vyema zaidi akisoma pamoja na wenziwe kwa sauti moja. Basi mwalimu amwanzishe hapo, na asimmalizie maneno yake.

Siku ya kwanza mzazi achukue kadi ya kliniki ya mtoto, na karatasi yenye maneno yote ayasemayo, yaandikwe vilevile kama anavyoyatamka.