Nani Ajuaye Kama Maji Yatoka Leo?
Ufuatiliaji wa miradi ya maji, vyoo na usafi katika Kitui na Makueni

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi huipita Makueni bila ya kuitaja jina. Hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na upande wake wa kulia, ng'ambo ya mto Athi, iko Kitui. Mto huo ukiteremka huitwa Galana, na ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi huitwa Sabaki. Ukingoni mwake, pale Baricho, ndipo vilipo visima ambavyo maji yake hunywewa Malindi, Kilifi na Mombasa. Basi nchi ya Ukambani si mbali nasi kama tudhanivyo. Maji yapitayo mipakani mwake ni sehemu ya maji tunayoyateka majumbani mwetu.

Huko huko ndiko msaada wa maji ulikoelekea kwa miaka mingi. Wametoa serikali, mashirika ya kigeni, taasisi za dini, na hata jamaa wachangao ili kisima kichimbwe kwa niaba ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki. Nasi Waislamu twaijua habari ya kisima cha Ruma, alichokinunua Sayyidna Uthman, Allah amridhie, akakiacha kiwe cha watu wote wa Madina. Tangu hapo maji yamekuwa katika sadaka zipendwazo mno, nayo twaiita sadaka jariya. Neno hilo jariya maana yake ni yenye kwenda na kutiririka bila kukatika. Ndiyo sababu twaona inafaa kuuliza katika makala haya: kisima kikisha kuzinduliwa, picha zikapigwa na wageni wakarudi makwao, nani ajuaye kama maji yangali yakitoka?

Swali hili si la dhana. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi zipatazo 20 za Afrika kusini mwa Sahara, ukakadiria kwamba katika kila pampu za mkono 100, pampu 36 zilikuwa hazifanyi kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Pampu hizo zilikuwa na daftari la ujenzi, lenye idadi, gharama na tarehe. Lililokosekana ni daftari la siku zilizofuata.

Yaliyoonekana Kyuso

Kitui yenyewe imetoa fundisho kubwa katika jambo hili. Mnamo 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na wenyeji, walifanya jaribio katika eneo la Kyuso, kaskazini mwa kaunti hiyo. Ndani ya mpini wa kila pampu walitia chombo kidogo kihisicho mwendo. Mtu akipampu, chombo huhesabu mapigo, na kwa njia ya simu ya mkononi hupeleka habari ofisini. Kwa hesabu hiyo hukadiriwa maji yaliyotekwa kila saa. Mpini ukinyamaza siku nzima katika kiangazi, hujulikana kwamba pana kasoro, na fundi hutumwa.

Kabla ya jaribio hilo, pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Baada yake, muda huo ulishuka ukawa chini ya siku 3. Tuizingatie tofauti hiyo. Siku 27 ni karibu mwezi mzima ambao mama hurudi kwenye mashimo ya mchangani au kwenye mto wa mbali, na watoto hunywa chochote kilichopatikana. Ugonjwa wa kuhara hauhitaji mwezi ili kumdhoofisha mtoto mchanga; siku chache humtosha.

Lakini mwenye kusoma habari hii asidhani kwamba chombo ndicho kilichotengeneza pampu. Chombo kilipeleka habari tu. Aliyetengeneza ni fundi aliyekuwa na pikipiki, vipuri na ujira wake. Habari isiyo na mtu wa kuifanyia kazi ni kama adhana katika mji usio na watu. Jaribio la Kyuso lilizaa kampuni ya wenyeji iitwayo FundiFix, ambayo wanakijiji huilipa ada, nayo huahidi kutengeneza kwa siku chache. Pengo la fedha huzibwa na mfuko maalumu wa matengenezo, kwa kuwa ada za vijijini peke yake hazitoshi.

Nasi watu wa Pwani tuna fungu letu katika habari hii, kwani FundiFix hiyo hiyo hufanya kazi Kwale pia. Tena Kwale ndiko pampu aina ya Afridev ilikojaribiwa tangu 1983, kwa msaada wa Uswidi na Benki ya Dunia, na shirika la KWAHO likiwafundisha wanawake kuzitunza. Pampu hiyo iliundwa kwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuifungua na kubadili vipande vyake kwa vifaa vichache. Hata hivyo, pampu iwe nyepesi namna gani kutengeneza, haitengenezeki mpaka mtu ajue kwamba imekufa na kipuri kiwe karibu.

Maswali machache yaulizwayo daima

Mara nyingi mpango wa ufuatiliaji huanza kwa fomu ya kurasa nyingi. Mkusanyaji huijaza kwa uchovu, mwanakijiji huijibu kwa adabu tu, na mwisho hulala kabatini. Sisi twaona ni bora maswali machache yaulizwayo kila baada ya miezi mitatu kuliko mengi yaulizwayo mara moja katika miaka mitatu.

La kwanza ni orodha. Kila kisima, kioski, tangi na bwawa kipewe namba, mahali pake paandikwe, na litajwe jina la kamati iliyokabidhiwa. Orodha hiyo ikae kaunti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imefanya maji safi na huduma za usafi kuwa haki ya kila mtu, na Jedwali la Nne likaikabidhi kaunti huduma hizo. Wafadhili kumi wakiwa na orodha kumi, hakuna ajuaye ukweli wote, na kijiji kimoja huchimbiwa visima viwili ilhali jirani yake hana hata kimoja.

Kisha yafuate maswali ya huduma yenyewe. Je, maji yatoka leo? Tangu tulipokuja mara ya mwisho, yalikatika siku ngapi? Kwenda, kungoja foleni na kurudi huchukua muda gani? Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu huduma ya msingi kuwa ni chanzo kilichojengwa vyema ambacho safari yake haizidi dakika 30. Je, kila mtu apata kiasi gani? Hata katika hali ya dharura, kipimo cha kimataifa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani nyumba ya watu sita yahitaji mitungi minne na nusu ya lita 20.

Ladha na usalama wa maji nao wapimwe. Visima vingi virefu vya Kitui hutoa maji ya chumvi. Pampu yaweza kuandikwa kuwa "inafanya kazi" ilhali wanakijiji huyapa mifugo maji yake na wao wenyewe wakanywa ya mtoni. Na maji matamu nayo yaweza kubeba vijidudu vya kinyesi visivyoonekana kwa jicho, hivyo sampuli haina budi kupimwa, si pale bombani tu bali hata mtungini nyumbani, kwani mengi huchafuka njiani.

Kupima kwa kufuata majira

Ukambani una misimu miwili ya mvua: ile ya Oktoba hadi Disemba, ambayo wakulima huitegemea zaidi, na ile ya Machi hadi Mei. Kati ya Juni na Oktoba kiangazi huwa kirefu na kikali. Mradi ukipimwa Septemba kabla ya kuanza, kisha ukapimwa Disemba baada ya kwisha, utaonekana umefaulu sana, kumbe aliyefaulu ni mvua. Septemba ilinganishwe na Septemba. Tena mvua inyeshapo, watu huyateka maji ya mapaani na ya vidimbwini, huiacha pampu, na hupunguza kulipa ada. Asiyejua hayo ataandika kwamba pampu imeharibika au kwamba watu wameikataa.

Mfano ulio wazi zaidi ni mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui na Makueni zimesifika kwayo. Shirika la SASOL limekuwa likiyajenga na wanakijiji wa Kitui, na Utooni limefanya kazi hiyo upande wa Machakos na Makueni. Ukuta hujengwa kukingama mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga nyuma yake. Na ndani ya mchanga huo maji hujificha, jua lisiweze kuyakausha upesi. Huenda ikapita misimu kadhaa ya mvua kabla mchanga haujajaa. Mkaguzi ajaye mwaka wa kwanza na fomu isemayo "Je, bwawa lina maji?" atauona mchanga mkavu na kuandika "hakuna". Swali lipasalo ni hili: wanakijiji wakichimba mchangani mwezi wa Septemba, huyapata maji kwa kina gani, na huyateka mpaka mwezi gani?

Vyoo na mikono

Upande wa vyoo na usafi ni mgumu zaidi, kwa sababu mtu akiulizwa hujibu yale ayajuayo kuwa mema. Ni nani atakayesema mbele ya mgeni kwamba huenda vichakani, au kwamba hanawi mikono? Hapa jicho lina kazi kuliko ulimi. Njia ya kwendea chooni imekanyagwa au imeota majani? Mlangoni pana utando wa buibui? Shimo limefunikwa? Mahali pa kunawia pana maji na sabuni sasa hivi, au pana kopo tupu? Kijiji kikisha kutangazwa kuwa kimeacha kujisaidia ovyo, kirudiwe baada ya mwaka na baada ya miaka miwili, maana vyoo vya udongo huporomoka mvua kubwa zinyeshapo, na asiye na nguvu za kujenga tena hurudi alikotoka.

Na aulizwe nani? Mwenye nyumba akiwa ni mwanamume, pengine hajui foleni ya maji ina urefu gani, kwa kuwa hajapata kuipanga. Aulizwe mwenye kubeba mtungi, naye aulizwe na mwanamke mwenziwe, faragha na kwa heshima. Waulizwe pia mjane, mkongwe na mlemavu wa miguu, kwa kuwa wastani wa kijiji huwaficha. Majina na namba zao za simu zisitawanywe ovyo. Hilo lataka adabu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yaliamuru.

Aliyejenga asijihukumu

Makueni imeonyesha njia njema katika jambo la mwisho, nalo ni la uaminifu. Tangu kuanza kwa serikali za kaunti, mwaka 2013, imejulikana kwa kuwashirikisha raia kuanzia kijijini hadi makao ya kaunti. Miradi husimamiwa na kamati zilizochaguliwa na wenyeji, na mkandarasi halipwi mpaka kamati iridhie kwamba kazi imefanywa. Huo ni ufuatiliaji wenye meno. Msingi wake ni rahisi: aliyejenga asiwe shahidi pekee wa kazi yake. Hata wakusanyaji wa habari wenyewe wakaguliwe. Katika kila vituo kumi, kimoja kitembelewe tena na mtu mwingine, majibu yalinganishwe.

Na habari ikikusanywa irudi ilikotoka. Isomwe barazani, ibandikwe kwenye kioski: kisima hiki kilisimama siku kadhaa, ada iliyokusanywa ni kiasi hiki, iliyotumika ni kiasi hiki. Mwanakijiji akiona jibu lake limemleta fundi, mara ya pili atajibu kwa ukweli. Akiona halikuleta kitu, atajibu ili mgeni aondoke.

Yanayotuhusu watoaji

Wasomaji wetu wengi si wahandisi, bali ni watoaji, wakusanyaji wa michango na wajumbe wa kamati za misikiti. Fikra hii si ngeni kwetu. Mali ya wakfu haiachwi bila mutawalli. Huwekewa mtu wa kuitunza, kuitengeneza na kutoa hesabu yake, na sehemu ya pato hutengwa kwa ukarabati. Kisima nacho kitendewe vivyo hivyo.

Basi kabla ya kutoa mchango, tumwombe anayeuleta mradi atujibu mambo manne. Kisima kimeandikwa katika orodha ya kaunti? Kikiharibika, nani atajua, na kwa siku ngapi? Fundi ni nani, na vipuri vyake viko mji gani? Kati ya fedha hizi, kiasi gani kimetengwa kwa miaka ijayo? Asiyekuwa na majibu, tumsaidie kuyapata kwanza. Pengine itabidi pesa za visima vitatu zichimbe viwili, na za cha tatu zitunze hivyo viwili na kufufua kile cha zamani kilichokufa kwa kukosa kipande cha mpira. Orodha ya picha itapungua, lakini maji yatazidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nchi ya kiangazi kirefu, anayeulipia ukuta huo ni mama mwenye mtungi.